Ombi Lipo Njiani

Dirisha namba tisa lina kijana wa kanzu nyeupe
iliyopigwa pasi hadi mikunjo yake inakata.
Anachapa jina langu, Biubwa binti Haji,
linatoka kwa Kiarabu limepungua herufi moja.
Sisemi kitu. Mara ya mwisho niliposema
tulianza upya tangu ukurasa wa kwanza.
"Ombi lipo njiani," ananiambia.
Njiani kuelekea wapi, bwana?
Anapunga mkono, kama anayemwonyesha nzi pa kutokea.

Rajabu faili lilikuwa Sib.
Shaabani likafika Maskati, likarudishwa kwa sababu ya picha:
nyuma yangu palikuwa buluu, wao walitaka nyeupe.
Ramadhani likafunga pamoja nasi,
halikuonja hata wino.
Mfunguo Mosi wakubwa wakaenda likizo.
Mfunguo Pili tukasikia limeonekana Nizwa.
Mimi Nizwa nimeionja tu, kwenye halua,
na faili langu, lisilo na miguu wala pasi,
limeshalala huko.

Kisha dada akapiga simu kutoka Wete.
Mama atapasuliwa jicho Alhamisi, la kulia,
lile jingine limeshakwenda.
"Anasema bandeji ikifunguliwa
hataki aanze na uso wa daktari."

Hapo kila mtu akawa mwanasheria.
Jirani yangu Shinuna: usithubutu,
mlango wa nchi ni kama wa lifti, ukitoka unajifunga wenyewe.
Kunju wa duka la kuchapisha fomu, mtu wa Kerala,
akaapa kwa watoto wake watatu kwamba naweza kwenda,
siku kumi na nne, hakuna atakayeuliza.
Shemeji akamkumbuka mke wa rafiki yake
aliyetoka wiki moja akarudi baada ya miaka miwili.
Kwenye simu ya ofisi, sauti ya mwanamke: inawezekana.
Nikapiga tena, nihakikishe.
Sauti ya mwanamume: haiwezekani.

Talibu hakusema.
Alikaa sakafuni na ile risiti ya ombi,
karatasi ya mashine ambayo wino wake unafifia,
tarehe imebaki kivuli.
Akaitoa kopi sita. Akaipiga picha mbele na nyuma.
Akaitia ndani ya plastiki, katikati ya kopo la halua
na doti za kanga alizonunulia wakwe.
Saa tisa za usiku nikamsikia jikoni
anasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Uwanja wa ndege. Askari anafungua pasi yangu,
anageuza, anageuza tena, ananitazama.
"Mpemba weye?"
Nikashtuka kama niliyeitwa na mtu wa nyumbani.
Ndiyo. Wa Wete.
"Bibi yangu kazaliwa Chake.
Alisali kwa Kiarabu, akitukana, Kiswahili."
Tukacheka, yeye upande wake, mimi upande wangu,
na kioo katikati hakikucheka.
Nikaona bora niulize wakati meno bado yako nje:
Nikirudi, kaka, nitaingia?
Akatazama skrini. Akachukua mhuri.
"Inshallah," akasema,
na neno hilo ni lile lile kwa lugha zote mbili,
sikujua amenijibu kwa ipi.

Karibu na mlango wa ndege simu ikalia.
Ujumbe wa serikali, mistari mitatu ya Kiarabu.
Nikamtumia Talibu, vidole havitulii.
Akachelewa. Alikuwa anatafuta gari lake, nadhani,
amesahau ameliegesha ghorofa gani.
Kisha akaandika:
*Wanasema ombi limepokelewa.*
Miezi kumi na mmoja.
*Limepokelewa tu?*
*Limepokelewa tu. Umechukua ufunguo wa nyumba?*
Nikatia mkono mkobani, chini ya tasbihi na peremende,
nikaupata, ukiwa bado umefungwa uzi mwekundu.
*Ninao,* nikaandika,
na msichana wa ndege akaniomba, kwa upole, nizime simu.