Honi

Mzee Ambakisye aliinunua fimbo pale Mwanjelwa,
kwenye turubai la pasi mbovu na redio zisizo na mgongo,
elfu kumi na mbili, waya umefungwa kwa plasta ya kidonda.
Akaja nayo Iyunga kwa miguu, kaishika shingoni
kama mtu anayepeleka jogoo kwa wakwe.
"Fundi," akaniambia, "niunganishe na hiyo vita yenu."

Juni. Loleza haijaonekana tangu asubuhi.
Mimi na sweta mbili, yeye na koti la Tazara,
vifungo vitatu vya shaba, cha nne cha shati.

Nikafungua mipangilio.
Ndege ilikuwa inajizungukia kabla hajaigusa.
Nikamweleza: fimbo imechoka, inatetemeka hata ikitulia,
lazima tuipe uziwi kidogo pale katikati,
asilimia nane hivi, isisikie kila kitu.
"Ndivyo nilivyokaa na mke wangu," akasema,
akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Tukaja kwenye pua.
Sukuma mbele, inainama. Vuta kwako, inapanda.
Akakataa. Miaka thelathini na moja
mbele ilikuwa mbele.
Nikageuza, nikarudisha, nikageuza tena,
mara tatu tukalima uwanja wa watu kwa pua.
Mwishowe akaligundua mwenyewe:
"Kumbe ni ng'ombe. Ukivuta kamba, anainua kichwa."
Sikuongeza neno.

Mafuta nayo yalikuwa kinyume,
ukijaza injini inazimika;
hilo lilitaka alama moja tu ya vema.
Magurudumu nikayapa kidole gumba.
Risasi, kidole cha shahada.

Ila kulia na kushoto, hapo tukakwama.
Sikuwa nimewaza: huyu mtu ameshusha
tani mia tisa kutoka Makambako hadi Mlimba,
handaki baada ya handaki, mvua ya Machi,
na hajawahi hata siku moja kukata kona.
Kona zilikatwa na wengine, zamani, kwa chuma.
Zake zilikuwa kasi, na kusimama, na honi.

"Honi iko wapi?"
Haina honi, mzee.
"Chombo kinakwenda hivi, hakina honi?"
Huku watu hawaonyani.
Akanyamaza. Nilimwona akiliweka mahali.

Saa kumi tukaingia mtandaoni kwa bando langu la wiki.
Akatunguliwa mara nne kabla chai haijapoa,
na watu ambao hata usiku wao siujui uko saa ngapi.
Ya tano alipaa akiyumba kama mlevi wa ulanzi,
akapenya mawingu,
na pembeni ya skrini amri ikaandikwa kwa wekundu:
piga treni.

Ilikuwa kule chini, mabehewa kumi na moja, moshi umelala nyuma.
Nikapiga kelele: Sasa! Kidole cha shahada! Bonyeza!

Hakubonyeza.
Alishuka. Akajilaza juu ya reli, akaifuata,
kona kwa kona, daraja, kona,
mkono haukutetemeka, mabawa hayakuinama pasipo sababu.
Saa mbili nzima nilikuwa namfundisha kitu hicho.

Behewa la mwisho lilikuwa na mzinga.
Skrini ikawa nyekundu, kisha nyeusi,
na sisi wawili ndani yake, na kikombe.

"Dereva hakunijua," akasema.
"Ningekuwa na honi."

Kisha: "Hicho kitufe cha risasi, kifute. Weka honi."
Nimekwambia haipo.
"Weka pahali pake tu."

Nikafuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika.
Kidole chake kilikuwa kimeshalala pale,
kwenye kitufe kisichofanya lolote,
kinabonyeza, kinaachia:
mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu.