Milimita Sita

Masereka alilileta tairi begani
kama mtu aliyebeba mkungu wa matoke,
akalitua mlangoni pa gereji, akasema:
"Hili ndilo. Lile jembamba linaniaibisha."

Pikipiki yenyewe ilikuja kesho yake, ikisukumwa,
BSA ya baba yake, ya miaka ya shaba,
tangi limechubuka pale magoti ya marehemu
yalipolibana kila alfajiri akipanda Kilembe, mgodini.
Injini ingali nzima.
Kiti kimeshonwa upya kwa ngozi ya mbuzi.

Nikamwambia, kuvaa kiatu kipana si kazi,
kazi ni kupata pa kukanyagia.
Hakucheka.

Nikachomoa ekseli, gurudumu likanijia mikononi.
Nikaling'oa jembamba: limekauka, limepasuka mbavuni,
na kwenye tyubu viraka saba.
Nikavihesabu kwa sauti. Viwili akavijua:
kimoja ni msumari wa Mubuku,
kingine ni mwaka ule Nyamwamba ulipohama njia yake
ukapita jikoni kwa watu.
Vitano, akasema, labda mama angejua.

Tairi jipya likaingia kwa sabuni na matusi.
Nikarudisha, nikakaza, nikazungusha.
Likasugua cheni. Kha. Kha. Kha.
Kama shangazi anayesafisha koo kabla ya kukataa posa.

"Likate pembeni," akanishauri. "Kwa kisu."
Wapo mafundi hufanya hivyo, siwataji.
Mimi naitwa Ithungu,
na kisu changu ni cha kumenyea mihogo.

Nikapima. Milimita sita.
Unene wa punje ya mahindi, hata haijashiba.
Lakini sita hizo huziombi mahali pamoja:
sogeza sproketi ya nyuma peke yake, cheni itapinda,
ikipinda itakula meno, kimya kimya,
hadi siku ikatike katikati ya mteremko,
mke wa mtu nyuma, na kilo thelathini za kahawa.

Tatu nikazidai kwenye spoki.
Za kushoto nikazilegeza, za kulia nikazikaza,
robo mzunguko, robo mzunguko,
mpaka ringi ikaenda kulia kwa shingo upande.
Tatu nikazichonga: wosha mbili pacha,
kutoka bamba la toroli la mgodi,
moja nyuma ya sproketi kubwa, moja nyuma ya ndogo kule mbele,
zitoke nje pamoja, zisisalitiane.
Kuchonga kulinimalizia tupa na Jumatano yote.

Kisha uzi, ule wa nyavu za wavuvi wa Kazinga,
nikauvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele,
nikalala kifudifudi kwenye vumbi la oili,
jicho moja wazi.
Masereka akauliza naona nini.
Nikamwambia alale.
Akalala, na shati lake jeupe la kanisani.

"Usiangalie cheni," nikasema.
"Angalia ule mwanga kati ya cheni na jino.
Kushoto na kulia ulingane."
Akakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Nikazungusha gurudumu polepole.
Hakuna kha. Mlio tu wa grisi,
kama mtu anayetafuna akiwa amefumba mdomo.

Akaipeleka hadi darajani, akarudi.
"Inavuta kidogo kulia."
Ndiyo, zile tatu za ringi.
"Wakati wa baba ilivuta?"
Sikuwahi kuipanda wakati wa baba yako, nikamjibu,
nilikuwa mtoto, niliisikia tu ikipita gizani.
"Basi iache," akasema, "iache ivute,"
akalipa, akakataa chenji, akaenda
ameegemea kidogo kushoto, kuilipa deni lake.

Lile jembamba aliliacha.
Wifi yangu amelijaza udongo, amepanda vitunguu.
Tyubu nimeitundika kwenye msumari juu ya benchi.
Wateja wazee wakija huwaonyesha:
kiraka hiki, je? Na hiki?
Vitano bado sijavipatia mtu.