Choo Kiko Ukurasa Gani

Rasimu ya saba ilinifikia Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
saa ambayo wakili wa jiji hutegemewa awe amechoka.
Kurasa mia moja na kumi na mbili, mkataba wa soko jipya,
miaka thelathini, mwekezaji na jiji la Nakuru,
*ambao kuanzia hapa wataitwa Pande*,
kana kwamba ni vipande vya papai.

Nilifunga dirisha. Vumbi la Nakuru halina adabu,
hukaa juu ya mhuri, hukaa kwenye chai.
Karani wangu, Chelagat, alikwisha kwenda zake,
akaniachia andazi moja ndani ya gazeti.

Mimi husoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili.
Wenzangu hucheka. Lakini ni kidole hiki
kilichowahi kukamata sifuri iliyozidi
kwenye zabuni ya taa za barabarani,
na tangu siku hiyo nakiheshimu kuliko shahada yangu.

Kifungu cha kumi na saba, ibara ndogo ya tatu.
Rasimu ya sita ilisema, mwekezaji *atajenga* vyoo ishirini na vinne.
Ya saba yasema, *anaweza kujenga*.
Nukta ni ileile. Mkato uleule.
Mtu fulani, katika ofisi yenye zulia,
ameliibia soko vyoo ishirini na vinne
bila kubeba tofali hata moja.

Atajenga ni deni.
Anaweza ni jirani asemaye, nitapita kesho.

Nikamkumbuka Mama Tabutany wa viazi
siku ile ya maoni ya wananchi, ukumbini Bondeni.
Tuliwaonyesha picha: paa la kioo, miti isiyo na jina,
wazungu wa kuchorwa wakinunua karoti.
Maafisa wakapiga makofi. Yeye akanyanyua mkono
na haukushuka hadi alipopewa kipaza sauti.
"Wakili, choo kiko ukurasa gani?"
Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.
"Nauza hapa tangu mwaka wa Elnino.
Nikibanwa, nalipa shilingi kumi kule steji
na mizani namwachia jirani.
Mara tatu kwa siku. Wewe umesoma, zidisha."

Nilizidisha usiku ule.
Jibu sijamwambia mtu.

Basi nikaifuta *anaweza*,
wino mwekundu, kalamu ya shilingi ishirini,
juu ya karatasi ya mabilioni.
Jumapili simu ikalia, sauti laini kama siagi:
"Wakili, neno moja tu lisitucheleweshe."
Nikasema, kama ni neno moja tu, si kazi kulirudisha.
Kimya. Nilisikia kijiko chake kikizunguka kikombeni,
kikizunguka, kikizunguka.
Likarudi.

Siku ya saini palikuwa na hema na keki yenye umbo la soko.
Nilisimama nyuma ya nguzo, nimeshika mihuri.
Katika picha iliyotundikwa pale ngazini
kimeonekana kiwiko changu.

Soko limefunguliwa. Jumanne, alfajiri, niliingia
na nakala mkononi, ile niliyoitia Kiswahili mwenyewe,
ukurasa wa arobaini na moja umekunjwa pembe.
Mama Tabutany akalowesha kidole, akafunua,
akaacha udongo wa Molo kando ya kifungu.
Alisoma polepole, kwa kidole.
Kisha akautazama mlango wa choo, mpya, wa buluu,
wenye kufuli kubwa kama ngumi.

"Na ufunguo," akasema, "uko ukurasa gani?"

Nikafunua. Nikafunua tena.
Nyuma yetu mtu alikuwa akipigania bei ya debe.