Mche wa Mtufaha Kutoka Almaty

Mwaka wa kwanza niliubeba kwa ndege.
Yaani, nilitaka kuubeba.
Binti wa kaunta akautazama, akanitazama,
akasema udongo hauna tiketi.
Nikamwachia mfagiaji wa uwanja,
akaupokea kama anayepewa mtoto wa kulea.
Muda wa saa tatu angani:
nyika nzima ilipita chini yangu kama blanketi
alilojifunika mtu mwingine.
Nikatua Atyrau ladha ya chai ya asubuhi ingali mdomoni,
mikono mitupu.
Mama akasema, "Umewahi."
Hakusema, "Umefika."

Mwaka wa pili, gari la binamu yangu Daulet,
lenye kioo kimoja kisichopanda.
Uhuru huu, alisema, tunasimama tutakapo!
Tukasimama lilipotaka gari:
mara pancha, mara rejeta,
mara ngamia katikati ya lami, hana haraka wala breki.
Siku tatu tuligombana,
kuhusu petroli, kuhusu farasi wa babu,
kuhusu nani alisema tupitie Kyzylorda.
Upepo ukauchuna mche jani baada ya jani
nami nimeukumbatia.
Tulifika na fimbo.
Mama akaichomeka uani, akafungia kamba ya kuanikia nguo.

Mwaka huu, treni.
Kitanda cha juu, soksi za watu wanne, mayai ya kuchemsha.
Zaure, mhudumu wa behewa, akafoka: "Na huyu amelipiwa?"
Kisha akauweka mwenyewe kando ya birika kubwa la maji moto,
akawa anaunyunyizia kila kituo.
Mwanajeshi kijana alinifunga dama mara kumi na moja.
Choo, tusikizungumzie.
Lakini usiku wa pili, usingizi umegoma,
nilichungulia nikaona taa moja, kijumba kimoja,
mtu anapiga mswaki nje kwenye baridi,
nikajua: kumbe pale pana mtu.

Mche ulishuka na machipukizi mawili
yaliyodanganywa na joto la birika.
Umeshika? Udongo wa Atyrau una chumvi. Tunaungoja.

Sasa mama, na magoti yake ya miaka sabini,
anataka kwenda kuona ulikozaliwa.
Nikamhesabia: nauli, saa, maumivu ya mgongo,
nikaisifu treni mpaka nikakaukiwa koo.
Alinisikiliza akimenya kitunguu, akauliza:
"Kipi kati ya hivyo kina dirisha lililo wazi?"

Mlangoni, Daulet akachezesha funguo.