Swali la Nne

"Eleza, kwa mifano, kazi ya kwanza ya mkuu wa shule
anapokabidhiwa ofisi. Alama ishirini."

Ndugu msahihishaji,
kazi ya kwanza ni funguo.

Najua, kitabuni ni dira, kisha dhamira,
kisha mpango mkakati wenye majedwali.
Nimevikariri. Jumamosi kumi na nane
niliondoka Isongole ukungu ungali umelalia viazi,
nikaingia Mbeya na matope ya Rungwe visiginoni,
nikakaa dawati la tatu, dirisha linalotazama Loleza,
nikaandika "uongozi shirikishi" hadi wino ukakauka.

Lakini mwezi wa mazoezi mlinipeleka Makete,
sekondari iliyo juu, barabara inapokata tamaa.
Mwalimu Ngogo, amebakiza wiki sita astaafu,
alinipa funguo ishirini na tatu
kwenye kamba ya kiatu.
Alizijua kwa kidole gumba, bila kutazama:
maabara, stoo ya maharage, bweni la wasichana, geti.
"Na huu mfupi, wenye kutu?"
"Huo sijui. Nilipewa hivyohivyo.
Aliyenipa naye hakujua."
"Mbona hamkuutupa?"
"Wewe ungeutupa?"

Basi nikaujaribu kila mlango.
Ndivyo nilivyoijua shule.
Jikoni nilimkuta Mama Sikitu akipima maharage kwa kikombe,
kwa kuwa mzani wa stoo, alisema, una ndugu mjini.
Bwenini wasichana walilala wawiliwawili,
vitanda vipo, nilivihesabu,
ila Julai ya Makete haihesabu vitanda.
Maabara, saa nne asubuhi, mwalimu wa Fizikia
amelala juu ya meza, kichwa kwenye madaftari.
Nilikuwa na fomu ya utoro na kalamu nyekundu.
Mwanawe alikuwa amelazwa Bulongwa siku ya tatu.
Nilirudi nyuma nikaufunga mlango polepole.
Hapo mkitaka kukata alama, kateni.

Ufunguo mfupi haukufungua chochote.

Aliyeniumiza ni ufunguo niliojua kufuli lake.
Wiki ya tatu, saa moja na nusu kamili,
kama mwongozo unavyoagiza, nilifunga geti.
Watoto kumi na mmoja walibaki nje,
wa ng'ambo ya bonde, waliotoka kuchuma pareto,
jalidi bado iko kwenye nyasi.
Nilisema: nidhamu. Nilisema: saa nne nitafungua.
Nilifungua saa nne. Walikuwa kumi.

Obedi wa kidato cha pili hakurudi siku hiyo,
wala Jumatatu.
Jumamosi nilivuka bonde kwa miguu.
Alikuwa akichimba viazi. Aliinuka,
akafuta mikono kwenye suruali ya shule,
akasema, "Shikamoo mwalimu, pole na safari,"
kama vile mimi ndiye niliyechelewa.
Mama yake alinifungia njegere kwenye kanga kuukuu.
Nilizungumza sana. Nilizungumza vizuri,
kama mlivyotufundisha muhula wa pili,
kumsikiliza mzazi, kurudia maneno yake.
Mama alisikiliza, akanirudishia yangu.
Obedi hakurudi.

Huo ndio mfano wangu. Sina wa pili
unaoishia penye ushindi.

Msimamizi anasema dakika kumi.
Fasili ya uongozi nimeiachia mistari mitatu
hapo juu, pembeni; nilidhani ingekuja.
Mkinipa leseni nitaitundika,
najua hata msumari utakapokaa,
kando ya saa, ili nikitazama saa niione,
na nikiiona nimkumbuke aliye nje.
Mkininyima, nitarudi darasani kwangu na chaki,
kazi ninayoiweza na macho yamefumba.

Jambo moja, halimo kwenye swali.
Siku ya kukabidhi, Mwalimu Ngogo alihesabu funguo:
ishirini na mbili.
Akahesabu tena. Akanitazama.
Akafunga kamba ya kiatu fundo mbili,
akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Naomba karatasi ya ziada.
Msimamizi anatikisa kichwa.