Pakiti 3117

Saa nne asubuhi ua la mpunga hufunguka
kwa muda wa chai ya pili,
kisha hujifunga kama duka la mtu asiyependa kukopesha.
Jana jioni nililiwahi:
mkasi wa kucha, kibano,
nikaling'oa vifuko vyake sita vya chavua, kimoja kimoja,
pumzi nimeibana,
maana ukipiga chafya hapa umeozesha wasioposana.

Bibi harusi mfupi, mweupe, mtiifu kwa mbolea,
huzaa mpaka ghala likaomba radhi.
Bwana harusi ametoka kwenye jokofu, pakiti 3117:
mrefu, mwekundu, upepo wa kwanza tu, chali,
lakini ndani ya punje zake zinki imesheheni.
Trilochan, anayenishikia mwavuli, anauliza mahari.
Zinki, nasema.
"Basi mahari yenyewe haionekani."

Haionekani. Bablu wa dada yangu ana miaka minne
na suruali ya miaka miwili haijambana.
Asubuhi wali, mchana wali uliolala majini,
usiku wali. Anashiba.
Njaa yake imejificha ndani ya shibe,
na zahanati haina kipimo cha kuisoma.

Uzao wa sita: ndugu mia mbili na kumi na wanne,
baba mmoja, mama mmoja, hakuna wawili waliolingana.
Tukatwanga majani yao, tukasoma.
Kitabu cha herufi nne, irabu moja,
kurasa zisizo na nukta.
Usiku ule umeme wa Cuttack ulikatika mara mbili;
uliporudi, mstari ukatambaa kwenye skrini, bapa,
kromosomu ya kwanza, ya nne, ya sita,
na kwenye ya saba ukasimama kama kichuguu.
"Hapa ndipo inapolala," nikamwambia Trilochan.
Akainama. "Kutoka barabarani ni mbali?"

Si mbali. Tatizo ni jirani.
Mlango wa pili unakaa wekundu,
na hao wawili hutoka pamoja, huingia pamoja,
na sokoni mchele mwekundu hawautaki:
wageni watatuonaje, watu wa mlimani?
Basi tukamtafuta aliyewaachanisha.
Namba themanini na nane.
Punje nyeupe, zinki imo.
Trilochan akanunua rasagola nane, kwa mkopo.

Mimi nikarudi jokofuni kusoma kibandiko.
Wino wa zamani, mwandiko wa haraka:
Koraput, mteremko wa mashariki.
Mita mia tisa na arobaini. Udongo wa changarawe.
Hata namba ya jipu imo.
Konzi mbili, kutoka kwa mwanamke.
Jina: kistari.

Nawajua majirani wa kulia na wa kushoto wa jeni
ambayo yeye aliichagua kwa ulimi tu,
mwaka hadi mwaka, akitenga masuke ya mbegu
kabla watoto hawajayaona.
Na rangi, alama pekee
ambayo angeitambua kwa mbali akasema, huu wangu,
nimeikata mimi, kwa ustadi, na nimepongezwa.

Kwetu una majina matatu: shambani dhana,
ukikobolewa chaula, sahanini bhata.
Ramani yangu inakomea kwenye la kwanza.
La pili liko kwa Gobinda na mashine yake,
inayokwangua robo ya kazi yangu ikawapa ng'ombe.
La tatu ni mdomo wa Bablu,
na huko sijafika. Misimu minne bado, labda mitano,
naye hasubiri misimu, anasubiri sahani.

Leo nimejaza kibandiko cha themanini na nane.
Mama: yule mfupi. Baba: 3117.
Mtoaji wa mbegu: hapo kalamu ikasita.
Nimeandika, mwanamke wa Koraput,
alichagua kwa mdomo, alitoa konzi mbili,
bado anaulizwa.
Trilochan anasema nafasi haitoshi.
Nimegeuza karatasi.