Kisanduku Chini ya Kiti

Hamilton, Ontario, Februari,
studio iliyokuwa ghala la mabomba,
theluji ikipenya chini ya mlango wa seremala.
Humu ndimo ilimo karne ya ishirini na sita:
kuta za mbao zilizopakwa rangi ya fedha,
sahani za keki zilizogeuzwa rada,
taa hamsini na mbili zinazowaka bila kumaanisha kitu.

Halyna Woychuk ana pini saba mdomoni.
Anapima kiuno cha nahodha.
"Kibane kidogo," mkurugenzi kasema, "watazamaji wajue."
Wajue nini, hakumalizia.
Nyota za balbu wameziamini.
Injini wameiamini, na ni ngoma ya mashine ya kufulia.
Mwanamke akiamuru
ndipo wanapodai ushahidi.

Nahodha ni Rosamund Laframboise, miaka arobaini na mitatu,
kumi na mmoja kati yake akimimina supu
katika tamthilia za watu wengine.
Kiti kilichongwa kwa kipimo cha mwanamume
aliyeikataa kazi wiki mbili kabla.
Rosamund akikaa, miguu inaning'inia
kama ya mtoto kwa kinyozi.
"Tutakata picha magotini," wakasema. "Nani ataona?"
Basi kwa vipindi sita
nahodha kavuka galaksi bila miguu.

Na muswada ulikuwa hivi:
yeye anatoa amri,
Luteni Corrigan, mwenye taya pana, anairudia,
hapo ndipo chombo kinageuka.
Halyna akakumbuka benki ya mtaa wa Barton,
cherehani aliyotaka kukopa,
na karani aliyeuliza, kwa adabu tele,
"Mumeo atakuja lini kutia sahihi?"

Kisha ubishi wa cheo: mabaharia wa anga
wamwite bwana, au bibi?
Kahawa ikapoa mara mbili.
Mimi ninayesimulia nina lugha isiyochungulia:
yeye ni yeye,
afande ni afande, awe na ndevu, awe na hereni.
(Tusijisifu. Tuna afande,
na bado tunauliza chai iko wapi.)
Wao wakaafikiana
wasimwite chochote.

Kipindi cha saba, moto katika injini.
Usiku wa kuamkia, hakuna aliyetuma mtu,
Odilon seremala alipima kiatu chake kwa rula,
akapigilia kisanduku cha inchi nne na nusu,
akakipaka fedha, akaenda zake nyumbani.
Halyna alifumua kiuno.
Akaweka mifuko miwili, mirefu, ya kweli,
mkono uzame mpaka kwenye kifundo.

Asubuhi Rosamund akaketi.
Visigino vikagusa kitu.
Hakutazama chini. Alinyamaza tu, kitambo,
mkono mmoja mfukoni.
"Geuzeni chombo."

Corrigan akafungua mdomo
na tayari wamegeuka,
wale wasaidizi wa dola tisa kwa siku,
msichana wa usukani kavuta mpini kwa nguvu hata ukamng'okea.
Luteni akabaki na neno lake
kama mtu aliyenunua tiketi ya treni iliyoondoka.
Mkurugenzi aliinua mkono asimamishe,
akaikumbuka bei ya filamu,
akajikuna shingo.

Jumatano, saa moja na nusu usiku,
jikoni kwa akina Woychuk, televisheni juu ya friji.
Mume kasinzia. Mama mkwe anamenya viazi,
anamtazama nahodha, anaguna:
"Na huyu, huko mbinguni,
nani anampikia watoto wake?"

Halyna hajibu.
Macho yake yako kwenye mshono wa bega la kushoto.
Kuna uzi aliosahau kuukata,
mweupe, mfupi,
unatikisika kila nahodha anapovuta pumzi.